Mama anamwita paka wa betri kwa jina langu la utotoni

Anti shikamoo.

Mimi ni mama wa miaka 44, naishi Ujiji, jina langu lifiche tafadhali maana huku ukipiga chafya Ujiji wa Mwanga wanakuombea dua. Mume tulishaachana, nina watoto wawili, mmoja yuko bodingi na mmoja niko naye hapa. Nauza dagaa. Alfajiri niko Kibirizi nasubiri mitumbwi iingie, nanunua, naanika, jua likikubali jioni nakusanya narudi.

Naishi na mama mzazi, ana miaka 78. Miaka mitatu sasa anasahau. Ilianza na funguo, ikaja kwenye majina, ikaja kwenye njia. Hospitali walituambia ni dimensia, haina dawa ya kuiondoa, tumtunze tu. Mara mbili tumemkuta barabarani anaelekea ziwani, ukimuuliza mama unaenda wapi anakwambia nampokea baba yenu anashuka meli ya Liemba. Baba amefariki 2009.

Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa ile miezi 3, Mei mpaka Agosti, biashara ilikufa kabisa tukala kwa kukopa, lakini nikwambie ukweli Anti, mama alitulia. Tulikuwa tunashinda ukumbini tunachambua mchele, hakutoroka hata siku moja. Ziwa likafunguliwa nikarudi Kibirizi, wiki haijaisha akatoka tena.

Kaka yangu mkubwa yuko Marekani. Akampa mtu boksi, likaja mpaka Dar likapandishwa basi, kufungua ni paka. Paka wa betri. Manyoya ya kijivu, ukimpapasa mgongo anakoroma kile kikoromo cha paka aliyeshiba, ukimkuna shavu anageuza kichwa, anapepesa macho, saa nyingine anajilaza ubavu mwenyewe. Jirani mmoja alivyomuona anafumba jicho alitoka bila kuaga na mpaka leo haingii, anasema ndani kwangu kuna jini.

Mama alimpenda siku ileile. Anamfunga kanga, analala naye, anamuwekea vichwa vya dagaa, manyoya ya kidevuni yameshikana kwa mawese nimesugua na sabuni hayatoki. Na kweli ametulia, kutoroka kumepungua sana. Siku betri zilipoisha ndio niliona makubwa, alilia kilio cha msiba, akasema mtoto amekufa. Na hizo betri ni saizi ya kati, si za rimoti wala si zile za tochi kubwa, nimezunguka Kigoma nzima.

Kinachonikosesha usingizi ni jina. Huyo paka anamwita jina ambalo sitaliandika, ila ni jina alilokuwa ananiita mimi nikiwa mdogo. Mimi mwenyewe ananiita "we dada". Juzi kanishukuru kwa chai, kanikaribisha tena siku nyingine.

Halafu kaka. Zamani alikuwa anapiga kila Ijumaa baada ya swala. Tangu paka aje anapiga mara moja kwa mwezi, anauliza paka mzima? Mwezi uliopita akatuma tableti, akanielekeza niiweke kwenye rafu iangalie kitanda cha mama, ina programu inasoma uso inamtumia ripoti mama ana furaha au huzuni. Anti, siku goti lilimsumbua mama ameng'ata meno kutwa, kaka kanitumia meseji "leo mama kafurahi sana mashallah". Kesho yake mama kainama anavuta tasbihi, kaka kapiga simu saa kumi na mbili jioni, kwa nini mama ana huzuni mmemfanya nini? Nikamwambia kaka, anadhikiri.

Sasa anataka kuleta kingine, kispika chenye AI kitaongea na mama kwa sauti yake yeye kaka, mama akiuliza kinajibu, anasema mama akisikia sauti ya mwanae atapona upweke. Mi moyo unakataa. Lakini chakula tunachokula nusu ni hela yake, nikikataa nitaonekana sina shukrani, na hajaja nyumbani tangu 2016. Nimeanza hata kujiuliza huyu paka mwenyewe nimrudishe kwenye boksi, maana kila siku namdanganya mama yangu mzazi, na sanamu chumbani anamoswali sijui ikoje. Nisaidie.

Mchuuzi wa Dagaa, Ujiji

*

Marahaba mdogo wangu, na pole na majukumu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Ya kwanza nilicheka pale kwenye tasbihi, ya tatu sikucheka. Naona umeniletea furushi moja ila ndani vimefungwa vitu vitatu tofauti, paka, tableti na hicho kispika, na katikati yao kuna jina. Nadhani jina ndilo lililokufanya uandike, lakini nitalifikia, nipe muda.

Unasema unamdanganya mama. Nikuulize kwanza, uliwahi kumwambia huyu ni paka mzima? Sioni popote kwenye barua. Ulifungua boksi, yeye akampokea. Mwaka 1944 huko Marekani watafiti wawili, Fritz Heider na Marianne Simmel, waliwaonesha watu filamu fupi ya pembetatu mbili na duara vinazungukazunguka kwenye karatasi. Hakuna uso, hakuna sauti. Waliotazama wakaanza kusimulia ugomvi, hii kubwa inaonea, hii ndogo inaogopa, ile duara inajificha. Pembetatu! Na walikuwa wanafunzi wa chuo wenye akili zao timamu. Sasa kitu chenye manyoya, kinachokoroma ukikipapasa, mama wa miaka 78 asikipende kwa nini?

Wala si suala la kutojua. Mwaka 1966 profesa mmoja wa chuo cha MIT, Joseph Weizenbaum, alitoa programu aliyoiita ELIZA, unaiandikia shida zako inakurudishia maneno yako yaleyale kwa mfumo wa swali, basi, hakuna zaidi. Sekretari wake alikuwa amemuona anaitengeneza mwezi baada ya mwezi, anajua fika ni mashine, lakini alipoanza kuchati nayo akamuomba profesa atoke nje awe peke yake. Na Japani wale mbwa wa roboti wa Sony, AIBO, waliotoka 1999, kampuni ilipoacha kuwatengeneza wakiharibika wenye nao wakaanza kuwapeleka kwenye hekalu moja la Kibudha mkoa wa Chiba wakasomewe dua kabla hawajafunguliwa vipuri. Watu wazima wanaojua skrubu ziko wapi. Kwa hiyo mama yako kulia betri zilipoisha hayuko peke yake duniani, na usidhani kilio kile ni ujinga wa ugonjwa tu.

Ila sitaki nikupake mafuta kwa mgongo wa chupa. Wapo wasomi waliosema kama moyo wako unavyosema. Robert Sparrow, mwanafalsafa wa Australia, aliandika mwaka 2002 kwamba faida ya mnyama wa roboti kwa mzee inategemea mzee akosee kuhusu kile alichoshika, na huko kukoseshwa si heshima kwake. Na Sherry Turkle wa MIT anasimulia alivyomuona bibi mmoja anamuelezea sili wa roboti, mdoli wa mashine wa umbo la yule mnyama wa baharini, habari za mtoto wake aliyefariki, watu chumbani wakafurahi kwamba kifaa kimefanya kazi, yeye akaondoka na huzuni, maana kile kinachosikiliza hakijui kufiwa ni nini. Hilo la Turkle lilinikaa nikawaza mama yako na kanga yake.

Huyo sili anaitwa Paro, katengenezwa na Mjapani Takanori Shibata, ndani ana vidude vinavyohisi kuguswa, mwanga na sauti, na Marekani tangu 2009 anatambuliwa kama kifaa cha tiba. Australia kwenye jimbo la Queensland walimjaribu kwa wazee 415 wenye dimensia kwenye vituo 28, wakachapisha 2017. Kundi moja likapewa Paro anayecheza, kundi la pili Paro huyohuyo amezimwa, ni mdoli tu, kundi la tatu matunzo ya kawaida. Wenye Paro anayecheza walimuongelesha na kumtazama zaidi, na walionekana na raha kuliko waliobaki na matunzo ya kawaida. Lakini hata yule mdoli mfu aliwachangamsha kidogo kuliko kutokuwa na kitu. Mabadiliko hayakuwa ya miujiza. Nakutajia hili ujue kwamba mama kutulia si ndoto yako, na ujue pia kwamba sehemu ya utulivu inatoka kwenye kushika kitu laini na kukifunga kanga, betri au bila betri. Kwa hiyo zikikaribia kuisha labda jaribu kumwambia paka kalala, msimwamshe, uone atapokea vipi. Anaweza akakubali, anaweza akakataa, wewe ndiye unayemjua. Na betri muombe kaka atume dazeni, ni nyepesi kuliko tableti.

Kuhusu sanamu chumbani, mi si shekhe. Nijuavyo wanazuoni wametofautiana, na habari ya Bi Aisha na wanasesere wake inatajwa sana kwenye mjadala huo. Muulize unayemwamini, na ukimuuliza umueleze na ugonjwa wa mama, usimuelezee paka peke yake. Kama moyo hautulii, saa ya swala paka akae ukumbini. Hilo ni dogo.

Tableti ndiyo inayonipa shida. Kaka yako anadhani amenunua kioo cha moyo wa mama. Hizo programu zimefundishwa kwa maelfu ya picha za nyuso ambazo watu walizibandika majina, hii furaha, hii hasira, na nyingi ni za watu waliotengeneza sura makusudi mbele ya kamera. Baada ya hapo inapima mdomo umekaaje na nyusi zimekaaje ikatafuta jina linalofanana. Wazo lenyewe lilipata nguvu kwa Paul Ekman, Mmarekani aliyekwenda na picha zake mpaka Papua New Guinea miaka ya 1960, akasema kuna hisia chache za msingi na binadamu wote wanazionesha usoni kwa namna moja. Lakini 2016 watafiti wengine walikwenda visiwa vya Trobriand, hukohuko Papua New Guinea, wakaonesha ule uso wa macho kodo na mdomo wazi ambao Wazungu wanauita hofu, wenyeji wengi wakasema huyu anatishia. Na 2019 Lisa Feldman Barrett na wenzake wanne walipitia tafiti nyingi mno za miaka na miaka, wakakuta mtu mwenye hasira anakunja uso ule wa hasira kama mara 3 katika 10 tu, na nyusi anaweza kuzikunja kwa sababu nyingine kabisa, kama vile kufikiri. Au kudhikiri. Microsoft wenyewe 2022 walitangaza kuiondoa huduma yao ya kusoma hisia usoni, na Ulaya tangu Februari 2025 ni marufuku kuzitumia kazini na mashuleni isipokuwa kwa sababu za tiba au usalama.

Kwa hiyo mama ameng'ata meno kwa goti na Marekani wanasoma furaha. Hilo si la kuchekea tu, dada. Mzee mwenye dimensia anayeumwa mara nyingi hawezi kusema naumwa, anaonesha kwa kukosa utulivu, kwa kukataa kula, kwa kuzurura. Lile goti lipelekeni hospitali ya Maweni lionwe. Huwezi kujua, huenda na baadhi ya safari zake za kwenda ziwani zina maumivu ndani yake, na huenda hazina.

Na kitu kingine ambacho hukukiandika. Kamera inaangalia kitanda cha mama. Mama anavua ushungi pale, anabadilishwa nguo pale. Mama wa Ujiji, aliyejistiri miaka yote hiyo, sasa kichwa chake wazi kinakwenda kwenye seva ya kampuni ambayo wewe na kaka hamuijui. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, lakini hata bila sheria, angekuwa na akili zake angekubali? Sisemi uizime leo. Unaweza kuigeuza iangalie mlango, kaka ajue kama katoka, maana hiyo hatari ni ya kweli. Unaweza kuizima kabisa, ila ujiandae kwa simu ya ghadhabu, na kwamba anaweza kuona unaficha kitu. Ningekuwa wewe ningeanza na lile goti na ile tasbihi, nimsimulie zote mbili taratibu kwa simu, siyo kwa meseji. Ni mtu mzima, ataunganisha mwenyewe.

Kispika cha sauti yake naelewa anachotafuta, na nadhani sote wawili tungemuonea huruma kama tungeliona chumba anamolala huko. Lakini fikiria saa tano usiku mama anauliza mwanangu unakuja lini. Programu hizi za AI za kuongea na mtu sehemu ya mafunzo yake ni watu kuyapa maksi majibu, na jibu tamu ndilo linapata maksi, mpaka Aprili 2025 kampuni ya OpenAI walilazimika kuirudisha nyuma toleo moja la programu yao ya kuchati, ChatGPT, kwa sababu lilizidi kusifia na kukubali kila kitu. Kikimjibu "nakuja kesho mama"? Huyu ni mama ambaye tayari anatoka alfajiri kumpokea mume aliyefariki akishuka Liemba, sasa atakuwa na wa kupokea wawili. Na kampuni ikifunga je? Kulikuwa na roboti wa mezani Marekani anaitwa Jibo, 2019 alianza kuwaambia wenye naye kwa mdomo wake kwamba seva zake zitazimwa, akawashukuru, akawaaga. Paka wako angalau hategemei intaneti ya mtu.

Kuna njia ya katikati, ingawa nayo ina miiba yake. Kaka arekodi sauti yake kweli, amsimulie mama visa vya utotoni, amsomee dua, aimbe kama anajua kuimba, na wewe uwe unapiga ukiwa umekaa naye. Hapo hakuna kinachojifanya kujibu. Mwiba ni kwamba mama anaweza kuinuka kumtafuta nyumba nzima, halafu usiku huo ni wako. Jaribu mara moja mchana. Na ile simu ya Ijumaa irudi, hiyo haihitaji kifaa kipya.

Nirudi kwenye mchele. Umeandika mwenyewe, kama kitu cha kupitia tu, kwamba ile miezi 3 ziwa lilipofungwa mama hakutoroka hata siku moja. Paka hakuwepo. Ulikuwepo wewe. Najua huwezi kufunga ziwa kila mwaka kwa ajili ya mama, na ile njaa nimeiona kwenye sentensi yako. Lakini hela ya tableti, hela ya kispika, na vitakavyofuata, vinaweza kumlipa binti wa ukoo au jirani anayeheshimika akae naye kuanzia alfajiri mpaka urudi. Anaweza kuwa mvivu, anaweza kuwa mkali ukigeuka, utahitaji kumchunguza. Kaka naye anaweza kusema hela ya vifaa ipo, hela ya mtu hana, maana kifaa unanunua mara moja na mtu unamlipa kila mwezi. Hapo mtakuwa mnaongelea hela waziwazi, jambo ambalo nahisi hamjawahi kulifanya. Hela anatuma yeye, mgongo na usiku vinatoka kwako, na hilo nalo liwekwe mezani siku hiyo.

Sasa jina.

Watu watakwambia mama anakukumbuka kupitia paka. Inawezekana. Inawezekana pia ni jina tu lililobaki mdomoni, kama wimbo ambao mtu anauimba hajui kaujulia wapi. Mi sijui, na hakuna programu itakayokwambia. Nilichokiona ni kwamba kwenye barua yote umejieleza kama mchuuzi, mlezi, dada wa mtu, na ulipofika kwenye jina ndipo ukawa mtoto. Una wivu na paka, na unaona aibu kuusema. Mbona ni haki yako. Kufiwa na mzazi ambaye bado anakunywa chai mbele yako hakuna tanga lake, hakuna anayekuja na sahani ya wali kukupa pole. Una mtu wa kuongea naye huko Ujiji, shoga, mke wa mjomba, yeyote? Usimngoje kaka awe huyo mtu, yuko mbali na ana yake.

Kabla hujamrudisha paka kwenye boksi, chagua siku moja usiende Kibirizi. Leta ungo, kaeni ukumbini mchambue mchele, paka akae katikati yenu na kidevu chake cha mawese. Mama akiita lile jina, itika wewe. Anaweza kukushangaa, anaweza kukwambia we dada nyamaza hujaitwa, na ikiwa hivyo itauma, sikufichi. Uniandikie alisema nini.